Waliponiita Nilikuwa Jikoni

Niliingia kanisani na mwiko wa bugali mkononi. Si ule mfupi wa nyumbani. Ni ule wa sikukuu, mrefu kama mpini wa jembe, unaoushika kwa mikono miwili ukiwa umesimama, na ulikuwa bado una bugali ya moto. Mtoto nilikuwa nimemfunga mgongoni kwa kikwembe cha kazi, kitenge chenye masizi. Kwaya ya nne ilikuwa inaimba. Nikapita katikati ya mabenchi, moja kwa moja, mpaka mbele.

Sikupanga. Naandika hili kwanza ili watu waache kusema nilipanga.

Dakika moja kabla ya hapo nilikuwa mlangoni, naongea kwa sauti ya chini kama mtu mwenye adabu. Nilikuwa nimeacha sufuria mara moja tu, nije niulize kama saa imefika. Mlango ulishikwa na protokole, wale wanaopokea watu na kuwapanga siku za sikukuu, utepe mwekundu begani. Huyu tulisoma naye sekondari. Alikuwa anakaa nyuma yangu na kunakili hesabu zangu. Alinyoosha mkono akaziba njia.

“Mama, pole. Uko unanuka moshi.”

“Minatoka kupika. Ulitaka ninuke nini?”

“Bageni bamekaa hapa karibu na mulango. Tena hauna kikwembe ya Noeli.”

“Kikwembe iko, nitavaa. Niambie tu kama bamefika kwa kubariki batoto.”

Akatazama ndani, kisha akanitazama mimi, kama mtu aliyekumbuka kitu.

“Kubariki batoto? Ile iliisha, Mama. Mbele ya kwaya ya pili kuimba. Walikuita.”

“Waliniita?”

“Waliita jina yako kabisa. Batu bakajibu: iko jikoni.” Halafu akacheka, na hakucheka kwa ubaya, alicheka kama unavyomchekea mtu mliyesoma naye. “Kanisa yote ilicheka. Hata Papa Muchungaji.”

Hapo njo uvumilivu wangu ulikatika. Ningeweza kuvumilia kusahauliwa. Watu wana mambo mengi, wanasahau. Lakini hawakunisahau. Walikumbuka vizuri sana mahali nilipo, hatua thelathini nyuma ya ukuta, na hakuna hata mmoja aliyesimama kutoka benchini kuja kuniita. Nikasukuma ule mkono wenye utepe, nikaingia.

Sasa nieleze, maana asiye wa kwetu atauliza mwiko unatafuta nini kanisani.

Kwetu huku kwenye milima ya Masisi Noeli inazunguka. Mwaka huu kilima hiki kinapokea, mwaka ujao kile. Kilima kinachopokea kinapokea kweli: kwaya za vilima vingine zinapanda na ngoma zao, Mchungaji wa parokia anapanda kwa pikipiki, wageni wa serikali wanapanda wakikunja suruali kwa sababu ya matope. Na wote wanakula. Ng’ombe anachinjwa, maharagi yanachemshwa tangu alfajiri, bugali inasongwa, sombe ya majani ya muhogo inatwangwa. Anayepika ni nani? Wanawake walioolewa karibuni kwenye kilima kile, na wa vilima jirani wanaotumwa kusaidia. Bado hujaota mizizi, kwa hiyo wewe ni mikono. Na chakula lazima kitoke moto pale pale amina inaposemwa, kwa sababu wageni wanaogopa mvua ya mchana itakayoharibu barabara. Maana yake ni kwamba ibada inapoendelea ndani, sisi tuko nyuma, chini ya turubai, na moshi wa mkaratusi unatutoa machozi.

Tangu niolewe nimesikia habari ya kuzaliwa kwa Yesu kupitia ukuta wa mbao. Malaika anatokea, mtu anadondosha kifuniko cha sufuria. Wachungaji wa kondoo wanakwenda mbio, mtu anapiga kelele “chumvi, nani alichukua chumvi?” Mwaka mmoja tu niliisikia yote, tangu mwanzo mpaka mwisho. Tulikuwa tumekimbia vita, tuko kambini Kashuga. Hakukuwa na ng’ombe, hakukuwa na kwaya nne, mgeni wa serikali angekuja kufanya nini? Tulikaa chini kwenye matope, mzee mmoja akasoma, akasoma polepole kwa sababu miwani yake ilikuwa na kioo kimoja. Kila mmoja alikuwa na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Nililia siku ile, na haikuwa moshi. Naona haya kusema kwamba Noeli nzuri kuliko zote nilizopata ilikuwa kambini. Lakini njo hivyo.

Na mwaka huu nilikuwa na deni kwa Mungu. Si deni la pesa, ni la maneno.

Mtoto wangu alizaliwa Kirotshe, kwenye hospitali ya kando ya ziwa. Kituo chetu cha afya kilishindwa, wakanipandisha kwenye pikipiki na uchungu wangu, mama mkwe nyuma yangu akinishika kama gunia la maharagi lisimwagike. Nilipozaa, mtoto alitoka kimya. Muuguzi akamsugua kwa kitambaa, akampiga nyayo, akamgeuza. Kimya. Nikasema kwa sauti, na muuguzi alisikia: Bwana, huyu akilia, siku ya Noeli nitamsimamisha mbele ya watu wote kwa mikono yangu mwenyewe, na nitasema kwa kinywa changu ulichofanya. Akalia kama mbuzi anayevutwa masikio. Msichana.

Kwetu watoto wa mwaka wanabarikiwa Noeli, Mchungaji akiwa amepanda. Mwinjilisti wetu wa kilimani habariki watoto. Kwa hiyo nilihesabu miezi. Nilipata kikwembe cha Noeli, sare ya sikukuu, kama wengine wote, nikakishona, sikukivaa hata kukijaribu. Siku yenyewe nilikiweka kwenye mfuko wa plastiki, nikautundika msumarini kwenye nguzo ya jiko, nikisubiri. Programu ilikuwa imebandikwa mlangoni mwa kanisa tangu juma lililotangulia, imeandikwa na Sekretari wa parokia kwa mwandiko mzuri. Jina langu lilikuwemo mara mbili. Juu: kubariki watoto. Chini: jikoni. Saa ile ile. Nilimwonyesha kwa kidole.

“Papa Sekretari, angalia. Niko mahali pabili.”

“Mama, ile ni programe tu,” akasema. “Itajipanga.”

Mama mkwe, yeye ndiye mkuu wa jiko, nilimwambia pia, tukiwa tumeinamia moto.

“Mama, saa ya kubariki batoto nitaacha sufuria kidogo.”

“Na bugali itajisonga yenyewe?”

“Mwingine atasonga.”

“Nani? Yule mwenye mimba? Ao mimi na huu mugongo?” Akasukuma kuni kwa mguu. “Mupe shangazi yake mutoto, apande naye. Njo vile tunafanyaka.”

“Si shangazi yake aliyeahidi.”

“Mungu anajua ni mutoto ya nani.”

“Mungu anajua, lakini mimi njo nilisema nitasimama.”

Akageukia maharagi. Lakini sikumpa shangazi mtoto. Nikasonga bugali na mtoto mgongoni, masikio yangu ukutani, na kwaya ya pili, ikisubiri zamu yake nje, ikaimba kwa nguvu sana kiasi kwamba sikusikia jina langu mwenyewe.

Basi, turudi pale mbele ya kanisa.

Kwaya ilivurugika sauti kwa sauti. Soprano walinyamaza kwanza, ngoma ikawa ya mwisho. Kwetu huku, kwa vita tulivyoona, mtu akiingia mbio mahali, watu hawamuulizi kitu. Wanatafuta viatu na watoto. Nyuma yangu nikasikia mabenchi yanasukumwa. Mchungaji akasimama, macho yamemtoka.

“Mama, kuna moto?”

“Hapana, Papa Muchungaji. Hakuna moto. Kuna mutoto.”

Watu wakapumua. Wengine wakaanza kucheka tena, kile kicheko cha mtu aliyeogopa bure. Nikamfungua mtoto mgongoni, sikujua pa kuweka mwiko, nikauegemeza kwenye mimbari. Bugali ikaanza kuteremka kwenye kitambaa cheupe. Niliiona. Sikuifuta.

“Huyu mutoto alizaliwa kimya,” nikasema. “Kule Kirotshe. Nilimwambia Mungu...”

Sekretari alikuwa na mikro. Aliipandisha mdomoni na kutabasamu kwa wageni.

“Tumupigie Yesu makofi!”

Na wakapiga. Kanisa zima. Mgeni wa serikali alipiga, protokole alipiga, soprano walipiga. Mpiga ngoma akadhani ni ishara, akaingia. Nilikuwa bado naongea, mdomo ulikuwa unatembea, lakini hata mimi sikujisikia. Walimpigia Yesu makofi ili mwanamke anayemshukuru Yesu anyamaze. Nimelizungusha jambo hili kichwani tangu siku ile na sijapata mahali pa kulikalisha.

Nikachukua mwiko wangu, nikatoka. Nilipofika jikoni bugali ilikuwa imeshika chini.

Ibada ilipoisha nilimpakulia Mchungaji kwa mkono wangu. Alikula vizuri. Si mtu mbaya, nasema ukweli, aliwahi kutembea kwa miguu siku nzima kuja kuzika mtu wetu. Akaniambia, “Mama, Mungu ameshaona moyo yako. Mutoto tutamubariki Noeli kesho.” Noeli kesho maana yake mwaka mzima, na Noeli kesho iko kwenye kilima kingine. Na nani kwetu anajua mwaka ujao tutakuwa kwenye kilima gani? Wingu likashuka kutoka malishoni, pikipiki zikawashwa, wakaondoka. Kikwembe changu kilibaki kwenye msumari, ndani ya plastiki, bado kina mikunjo ya fundi.

Kesho yake tulishuka mtoni kuosha sufuria, mimi na mama mkwe. Mchanga, majivu, kusugua. Nilikuwa nasugua kama napigana. Mama mkwe akaitazama mikono yangu.

“Utatoboa sufuria ya kanisa.”

“Itobolewe.”

“Ulituhaibisha.”

“Mimi njo niliwahaibisha?”

Akamwaga maji, akachota mengine. Kisha akasema bila kunitazama:

“Mimi nilizaa batoto munane. Hakuna hata mumoja nilisimama naye.”

“Ulikuwa wapi?”

“Unauliza? Nilikuwa jikoni. Huyu bwana yako, shangazi yake alimupandisha. Nilisikia tu makofi.” Akasugua kidogo. “Nilikuwa nadhani na mimi nikikuwa mukubwa nitakaa. Nimekuwa mukubwa, bamenifanya mukuu ya jiko.”

Alicheka. Mimi sikuweza.

Mchana nikapanda kule juu kunakoshika mtandao, nikampigia mume wangu. Yuko Walikale, anauza sabuni na nguo kwa wachimbaji, barabara ilimfungia huko akashindwa kurudi kwa sikukuu. Habari ilikuwa imemfikia kabla yangu.

“Njo kusema uliingia na mwiko?”

“Niliingia.”

“Ile mukubwa?”

“Ile mukubwa.”

Mtandao ukakatika, nikadhani amekata yeye. Ukarudi.

“Unataka kufanya nini sasa?”

“Nitaandika malalamiko. Kwa parokia. Kwa karatasi.”

“Muke wangu, batasema unapigana na kanisa.”

“Sipigani na kanisa. Nataka kuingia ndani yake.”

“Basi andika muzuri. Usikosee hata herufi moja, bataacha maneno bashike herufi.”

Nikaandika kwenye karatasi ya mstari ya kufanyia mitihani, ile inayokunjwa mara mbili. Diploma yangu haijawahi kunipa kazi, lakini ilinifundisha mahali pa kuweka “Habari” na mahali pa kuweka sahihi. Niliandika kopi tatu kwa mkono. Siku iliyofuata nikashuka mpaka parokia, saa mbili za miguu, mtoto mgongoni, na mama mkwe nyuma yangu. Sikumwomba aje. Alivaa viatu tu, akaanza kutembea.

Sekretari alisoma mstari wa kwanza akaweka karatasi mezani.

“Malalamiko? Mama, mu kanisa hatulalamikaka. Tunaomba. Andika ‘Ombi’.”

“Niliomba kabla ya Noeli. Ulisema itajipanga.”

“Sasa unataka nifanye nini na hii?”

“Piga kashe.” Nikauonyesha muhuri wake mezani. “Kopi moja yako, moja ya wazee, moja yangu. Na uandike ‘imepokelewa’.”

“Papa Muchungaji hayupo.”

“Kashe iko.”

Akamgeukia mama mkwe, kwa heshima, kama mtu anayetafuta msaada wa mkubwa mwenzake. “Mama, muongeleshe muke ya mutoto yako.”

Mama mkwe akanyoosha kidole gumba juu ya meza.

“Wino iko wapi?” akasema. “Mimi sijui kuandika.”

Kashe ilipigwa mara tatu. Hii njo karatasi yenyewe, kama ilivyopokelewa:

Kwa Papa Mchungaji wa parokia na baraza la wazee.

Habari: Malalamiko juu ya ibada ya Noeli.

Papa Mchungaji,

Kwa heshima yote, mimi mkristo wa kilima kilichopokea Noeli, mama wa mtoto mmoja, naleta kwenu malalamiko haya.

Nalalamika kwamba jina langu liliandikwa mahali pawili kwa saa moja, nikaonya kabla ya siku, na halikusahihishwa. Nalalamika kwamba jina langu liliitwa, kanisa likajibu kwamba niko jikoni, likacheka, na hakuna aliyetumwa kuniita. Nalalamika kwamba nilizuiwa mlangoni kwa sababu ya harufu ya moshi. Yesu alizaliwa kwenye zizi. Sisi wa Masisi tunajua zizi linanuka nini, na Mama yake hakuwa na kikwembe cha Noeli. Nalalamika zaidi ya yote kwamba nilipokuwa natoa shukrani yangu, makofi yalipigwa ili nisisikiwe. Makofi yale yaliombwa kwa jina la Yesu. Sijui kama aliyapokea.

Sikatai kupika. Naweza kupika kuliko wengi wenu. Nakataa kwamba siku ya kuzaliwa kwa Bwana, wengine wanapewa Bwana na wengine wanapewa sufuria.

Kwa hiyo nadai yafuatayo. Siku ya Bonane, mwaka mpya ukianza, Papa Mchungaji apande kilimani kwetu na mtoto wangu abarikiwe, nikiwa nimemshika mimi, na niseme nilichoahidi mpaka mwisho, bila mikro kuingia katikati. Nadai kwamba siku hiyo, na kila Noeli, popote itakapopokelewa, moto wa jikoni usiwashwe mpaka amina isemwe. Maharagi yachemshwe siku moja kabla. Wageni wakisikia njaa, tutaisikia pamoja, tulishaizoea. Mvua ikinyesha, walale kwetu.

Kitambaa cha mimbari nimekifua mwenyewe. Kimefungwa pamoja na karatasi hii.

Mama mkwe wangu ametia kidole hapa chini. Alizaa watoto wanane na wote walibarikiwa yeye akiwa jikoni. Nilimuuliza niandike anadai nini. Alifikiri njia nzima, na tulipofika akasema niandike hivi: anataka kukaa. Benchi ya mbele, tangu wimbo wa kwanza, na asiitwe na mtu.

Sahihi yangu. Kidole chake.

Kopi kwa: baraza la wazee, mwenye malalamiko.